Tamthilia za Enzi ya Elizabeth Chini ya Mlima Kenya: Ugumu Uko Wapi, na Tuzisomeje?

Mwanafunzi wa Gredi ya 10 aliyechagua fasihi, akienda duka la vitabu mjini Nyeri au Karatina kumtafuta Shakespeare, anaweza kuwekewa mezani vitabu vitatu vyenye jina moja. Kimoja kina matini asilia na maelezo pembeni. Cha pili kinasimulia kisa kwa Kiingereza cha leo. Cha tatu ni mwongozo wenye maswali na majibu. Mzazi wake anasema asiyesoma matini asilia hajasoma kitu. Mwalimu mmoja anapendekeza mwongozo kwa sababu muda ni mfupi. Mwingine anashangaa kwa nini tunahangaika na Mwingereza wa kale ilhali Kithaka wa Mberia alizaliwa Tharaka, mashariki ya mlima huu huu, akatuandikia tamthilia ya Kifo Kisimani.

Kila mmoja wao ana hoja, ila hawajibu swali moja. Kuna anayezungumzia lugha, kuna anayezungumzia mtihani, na kuna anayezungumzia historia ya ukoloni. Uchambuzi huu unaanza na swali la msingi, yaani ugumu wa tamthilia hizi unatoka wapi, kisha unapima njia tano zinazopendekezwa.

## Elizabeth yupi?

Nyeri ina sababu yake ya kuchanganya majina. Februari 1952, binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, katika msitu wa Aberdare. Baba yake akafariki usiku huo, naye akapewa habari akiwa Sagana Lodge kwamba sasa ni malkia. Huyo ni Elizabeth wa Pili. Tamthilia tunazozungumzia zinaitwa kwa jina la Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603.

Ili kuupima umbali huo kwa kipimo chetu, tuutazame mwaka 1593. Mwaka huo Wareno walianza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa. London wakati huo ilikuwa katika tauni iliyofunga majumba ya maigizo, na Christopher Marlowe, mtunzi wa Doctor Faustus, aliuawa kwa kuchomwa kisu. Utendi wa Tambuka, mmoja wa tenzi kongwe tulizo nazo, uliandikwa 1728, zaidi ya karne moja baadaye. Basi anayelalamika kwamba Kiingereza cha Shakespeare ni kizito ajiulize kama angeusoma Utendi wa Tambuka bila maelezo.

Ni vyema pia kujua kwamba si kila tamthilia inayoitwa ya Elizabeth ilitungwa akiwa hai. Julius Caesar ilichezwa 1599. Macbeth na The Tempest ni za baada ya kifo chake, enzi ya James wa Kwanza, mfalme aliyetoka Uskoti. Jambo hili lina maana kwa msomaji: Macbeth, tamthilia ya wafalme wa Uskoti, ilichezwa wakati Mskoti yuko kitini.

## Ugumu ni wa aina tatu

Ugumu wa kwanza ni wa maneno. Wengi huogopa maneno wasiyoyajua, lakini hayo hayana hatari, maana msomaji atafungua kamusi. Yanayopotosha ni yale anayodhani anayajua. Neno wherefore, ambalo Juliet analitamka akiwa peke yake usiku, huchukuliwa kuwa linauliza Romeo yuko wapi. Maana yake ni "kwa nini". Msichana hamtafuti kijana gizani. Analalamikia jina: kwa nini mpenzi wake awe wa ukoo ambao ni adui wa ukoo wake? Kosa la neno moja linageuza kilio juu ya uadui wa koo mbili kuwa mchezo wa kujificha. Vivyo hivyo presently ilikuwa na maana ya "sasa hivi", na let ingeweza kuwa na maana ya "kuzuia", kinyume kabisa cha matumizi ya leo.

Kundi hili lina pia thou na you. Thou lilitumiwa kwa mtoto, mtumishi, mpenzi na Mungu. You lilitumiwa kwa mkubwa au mtu wa heshima. Mtu akihama kutoka neno moja hadi lingine katikati ya mazungumzo, ametangaza upendo au ametoa tusi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya somo refu hapa. Anajua tofauti ya "shikamoo, mzee" na "wewe!" iliyotamkwa kwa ukali.

Ugumu wa pili ni wa mpangilio. Sehemu kubwa ya tamthilia hizi imetungwa kwa mistari ya mizani kumi isiyo na vina, ambapo silabi nyepesi hufuatwa na silabi yenye mkazo. Ili mizani itoshe, mtunzi hufupisha maneno, huyarefusha, au huweka kitenzi mahali kisipozoeleka. Mwalimu wa Kiingereza akieleza hivyo, darasa hununa. Lakini darasa hilo hilo, katika kipindi cha Kiswahili, limeshafundishwa uhuru wa mshairi: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, kuboronga sarufi kwa kupindua mpangilio. Mwanafunzi wa Othaya anayeweza kutoa mifano mitatu ya inkisari katika shairi la pwani ana ufunguo mkononi, ila hajaambiwa kwamba unafungua mlango huu pia. Tofauti kubwa iko kwenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Kiingereza huhamahama. Kwa hiyo sikio la Nyeri huihesabu mizani upesi, ila huchelewa kuusikia mdundo.

Ugumu wa tatu ndio unaosahauliwa kuliko yote, nao ni wa jukwaa. Jumba la kwanza mashuhuri la maigizo London, lililoitwa The Theatre, lilijengwa 1576, na mbao zake zikajenga Globe mwaka 1599. Maonyesho yalifanyika mchana, uwanja ukiwa wazi juu. Aliyelipa peni moja alisimama mbele ya jukwaa. Mapazia ya mandhari hayakuwapo, taa za kuigiza usiku hazikuwapo, na wanawake waliigizwa na wavulana. Usiku, dhoruba, msitu na uzuri wa binti vilipaswa kuumbwa kwa maneno ya mwigizaji. Ndiyo maana mhusika husema kwa mistari ishirini kile ambacho filamu ya leo ingekionyesha kwa sekunde mbili. Ukisoma kimya unaona maneno mengi. Ukisikia, unaona maneno yakifanya kazi ya taa na mapazia.

Kwa hiyo sehemu moja tu ya ugumu ni uzee wa lugha. Sehemu iliyobaki inatokana na kusoma kwa macho kitu kilichotungwa kwa ajili ya masikio.

## Zilifikaje hapa?

Tamthilia hizi zilipanda mlima kwa njia ya misheni na mtihani. Waskoti walifungua misheni ya Tumutumu 1908, na mapadre wa Consolata walikuwa Nyeri tangu mwanzo wa karne hiyo. Shule zikafuata, na mitihani ya Cambridge ikamleta Shakespeare kama kipimo cha Kiingereza. Huko Alliance, Kikuyu, ambako vijana wa eneo hili walishindania nafasi, tamthilia ya Shakespeare iliigizwa kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameyaandika hayo katika kumbukumbu zake.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari. Novemba 1956, wanafunzi wakijifunza hotuba za wafalme wa Uingereza, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo katika mahakama ya Nyeri. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Anayetaka kuelewa kwa nini jina la Shakespeare huamsha hasira kwa baadhi ya wasomi wa eneo hili, aziweke picha hizo mbili pamoja.

Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1976 Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, mzaliwa wa Kirinyaga, wakatoa The Trial of Dedan Kimathi, inayoirudisha mahakama ya Nyeri jukwaani. Tangu hapo Shakespeare ameondoka na kurudi katika orodha za vitabu vya kutahiniwa. Romeo and Juliet na The Merchant of Venice ziliwahi kuwamo, kisha nafasi ya tamthilia za kigeni ikachukuliwa na Ibsen na Brecht.

## Msimamo wa kwanza: matini asilia na si kingine

Wanaosimama hapa wanasema lugha ndiyo tamthilia yenyewe. Kisa cha Romeo na Juliet kilikuwepo kabla ya Shakespeare. Alichoongeza ni namna ya kukisema. Ukiondoa lugha, umebaki na kisa cha vijana wawili waliokufa kwa kukosa kupashana habari. Hoja hii ina nguvu, na inaungwa mkono na kanisa: wazee waliozoea Biblia ya Kiingereza ya 1611 hawatishwi na thou, kwa sababu wameisikia miaka mingi.

Udhaifu wake ni kwamba inadai matokeo bila kugharamia njia. Wazee hao walifundishwa na masikio, Jumapili baada ya Jumapili. Mwanafunzi anayepewa kitabu na kamusi katika darasa lililojaa, huku mtihani ukikaribia, hufanya jambo la busara kwake: anakariri dondoo asizozielewa. Heshima kwa matini inazaa woga wa matini.

## Msimamo wa pili: lugha ya leo na miongozo

Msimamo huu unatanguliza uelewa. Mwanafunzi akijua nani ni nani, nani amemsaliti nani na kwa nini, anapata msingi wa kufikiri. Kwa shule ya kutwa ambayo wanafunzi wake hawana vitabu vya kutosha, mwongozo mmoja unaozunguka mikononi ni bora kuliko kukosa kabisa. Hilo lisidharauliwe na wenye maktaba.

Lakini mwongozo hauishii kueleza. Huamua pia. Unamwambia msomaji kwamba Brutus wa Julius Caesar ni mzalendo aliyekosea, naye anaandika hivyo, ilhali tamthilia imemwacha Brutus akiwa mzalendo na muuaji kwa pamoja ili hadhira ihangaike naye. Nayo tafsiri ya Kiingereza cha leo hulainisha kila mstari hadi mfalme na mchimba kaburi wanazungumza sawasawa. Kinachopotea hapo ni tabaka, mzaha na tusi, yaani kile hasa kilichowavuta watu wa peni moja.

## Msimamo wa tatu: Kiswahili kwanza

Hapa Afrika Mashariki ina hazina ambayo shule nyingi za mlimani hazijaigusa. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. S. S. Mushi alitupa Makbeth 1968 na Tufani 1969.

Tazama jina moja tu: Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere angeweza kuandika "mfanyabiashara" au "tajiri". Alichagua "mabepari", neno lenye hukumu ndani yake, tena kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno hilo kesi inahama. Katika Kiingereza macho yote yanamwelekea Shylock, Myahudi anayedai ratili ya nyama. Katika Kiswahili mji mzima wa wenye mali unasimama kizimbani. Mwanafunzi akiwekewa majina hayo mawili ubaoni, anajifunza kwa dakika kumi kwamba kutafsiri ni kufasiri.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inamwondolea msomaji haya. Anakutana na hoja za Cassius na Brutus akiwa na lugha anayoimiliki. Udhaifu upo wa aina mbili. Kwanza, Kiswahili cha vitabu hivyo ni cha miaka ya 1960, chenye ladha ya Tanganyika na mwangwi wa ushairi, na kwa kijana wa Nanyuki anayetumia Gĩkũyũ nyumbani na Sheng barabarani kinaweza kuwa mlima wa pili. Pili, mtihani wa fasihi ya Kiingereza huulizwa kwa Kiingereza. Tafsiri ni daraja zuri, lakini mtu hajengi nyumba darajani.

## Msimamo wa nne: jukwaa kabla ya kitabu

Hawa wanasema tamthilia isomwe kwa miguu na sauti. Ushahidi wao ni mzito. Mwaka 2012 kikundi kutoka Kenya kilipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, Wanawake wa Heri wa Winsa, katika ukumbi wa Globe mjini London, tafsiri ikiwa ya Joshua Ogutu, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akiigiza Falstaff. Watazamaji wengi hawakujua Kiswahili, ila walicheka, kwa sababu mwili na sauti vilibeba maana.

Mfano ulio karibu zaidi ni hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaisari. Anawaita wauaji watu wa heshima, honourable, tena na tena. Kwa macho, neno ni lile lile, na msomaji huliruka. Kwa sauti, linaoza polepole: mara ya kwanza ni sifa, mara ya pili ni mashaka, mwishowe ni hukumu, na umati umeshashika mienge. Sasa liweke neno "mheshimiwa" mahali pake. Hakuna mtu wa Karatina au Kerugoya aliyehudhuria mazishi yenye wanasiasa asiyejua kwamba "mheshimiwa" laweza kutamkwa kwa unyenyekevu na laweza kutamkwa kama kofi. Hotuba iliyokuwa ngumu kitabuni inaeleweka bila kamusi.

Jukwaa pia si geni hapa. Gĩcaandĩ, ushairi wa mafumbo wa Wagĩkũyũ, ulikuwa ushindani wa waimbaji mbele ya watu, kibuyu mkononi. Tamasha la maigizo la shule za Kenya limekuwapo tangu 1959, na kila mwaka vijana wa kaunti hizi hupanda jukwaani na ngonjera, masimulizi na michezo waliyotungiwa na walimu wao.

Udhaifu wake ni gharama na haraka. Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule hulazimika kuvibana viishe kwa saa mbili, na baadhi huongeza vichekesho ili ukumbi usichoke. Anayetazama mara moja hukumbuka kisa akasahau hoja. Tena mtihani unataka dondoo, muktadha na mbinu, mambo yasiyokaa kichwani kwa kupiga makofi.

## Msimamo wa tano: waachwe

Hoja ya mwisho ni kwamba muda huo utumiwe kwa fasihi yetu. Nguvu yake imo katika historia iliyotajwa: tamthilia hizi zilitumiwa kuonyesha kwamba utu kamili unapatikana London. Yaliyomo nayo yanahitaji jicho kali. Othello, Shylock na Caliban wamebeba mzigo wa rangi, dini na utwana ambao mwalimu hapaswi kuupita kimya.

Hata hivyo, waraka wa 1968 haukudai Shakespeare afutwe. Ulidai Afrika iwe kitovu, na mengine yatazamwe kutokea hapo. Kumwacha kabisa kuna hasara yake. Waandishi wetu walibishana naye, na nusu ya mabishano haieleweki bila upande wa pili. Tena kuna undugu wa hali usiotarajiwa. Katika enzi ya Elizabeth hakuna mchezo ulioruhusiwa jukwaani bila kibali cha afisa wa malkia, na watunzi walijificha Roma au Venisi ili waizungumzie London. Mwaka 1977 kibali cha mchezo wa Ngaahika Ndeenda kilifutwa huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ, mmoja wa watunzi wake, akawekwa kizuizini. Kijana wa Nyeri anayejua habari hiyo anaelewa haraka kwa nini mtunzi wa 1599 alizungumzia mauaji ya mtawala kupitia Kaisari, aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita.

## Kupima

Kila njia inaponya ugumu mmoja na kuacha mwingine. Matini asilia hulinda lugha lakini humwacha mwanafunzi peke yake nayo. Mwongozo huokoa muda ila huiba hukumu. Tafsiri huondoa haya, jukwaa huondoa ukimya, na kuacha kabisa huponya jeraha la historia kwa kufunga dirisha.

Ikiwa sehemu kubwa ya tatizo ni sikio, kama ilivyoelezwa, basi utaratibu wenyewe unajipanga. Kianze kisa, kisomwe kwa Kiswahili au kisimuliwe na mwalimu kwa kipindi kimoja. Ifuate sauti: maonyesho matatu au manne yaliyochaguliwa, yasomwe kwa kusimama, kila mwanafunzi akitamka, hata kama mapazia ni shuka za bweni. Ndipo matini asilia ifunguliwe kwa maonyesho hayo hayo, mstari kwa mstari, kwa istilahi za uhuru wa mshairi ambazo darasa linazo tayari. Mwongozo uje mwisho, wanafunzi wakiwa na la kuubishia.

Utaratibu huu una gharama. Hauwezi kumaliza tamthilia nzima kwa undani, na unahitaji mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakae meza moja, jambo ambalo ratiba hairahisishi. Lakini ni bora maonyesho manne yaliyoeleweka kuliko kitabu kizima kilichokaririwa. Na yakitoka The Merchant of Venice, kisha yakawekwa kando ya The Trial of Dedan Kimathi, mahakama ya Venisi na mahakama ya Nyeri zitaulizana swali moja: sheria ikifuatwa neno kwa neno, haki huwa imetendeka?

## Kwa ufupi

Ugumu wa tamthilia hizi umegawanyika katika maneno yaliyobadili maana, mpangilio wa mizani, na jukwaa lisilo na mandhari. Kamusi inatosha kwa la kwanza, mradi msomaji aifungue hata kwa maneno anayodhani anayajua. Kwa la pili, ushairi wa Kiswahili umeshatupa istilahi. Kwa la tatu, dawa ni sauti ya binadamu, ambayo shule maskini kuliko zote inayo. Mzazi ana haki kuidai matini asilia, mwalimu ana haki kulia na muda, na mwenye kuikumbuka 1956 ana haki kudai kwamba Nyeri iwe kitovu. Haki hizo tatu zinakaa chumba kimoja mara darasa linapoacha kusoma kimya, likasimama, na msichana wa Mathira akamtamkia Brutus neno "mheshimiwa" kwa mara ya mwisho.